Milioni Moja na Tisa

Kabiria,
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwa Everlyn Were,

Naanza barua hii nikiwa nimeapa kukuambia kila kitu, hata yale yanayonitia aibu, ili usije ukasema baadaye kwamba nilikuficha. Hunijui. Mimi ni Wavinya Muthama, wa kidato cha tatu, yule msichana wa sweta ya kijani aliyeketi safu ya pili Jumamosi, kwenye Siku ya Hesabu kule ukumbini mjini. Ulipopanda jukwaani na kadi yako, mimi ndiye niliyeangusha chupa ya maji.

Unakumbuka kila mmoja wetu aliambiwa aje na nambari moja kubwa na aeleze tabia zake: inagawanyika kwa ngapi, ni ya aina gani, inapatikana kwa njia gani. Wewe ukainua kadi imeandikwa 1,000,009. Kadi yangu ilikuwa mapajani, imeandikwa vivyo hivyo. Sikupanda tena. Nilimwambia Mwalimu Kihara, anayetufundisha hesabu, kwamba tumbo linaniuma.

Everlyn, nambari ile ni yangu. Nisikilize kwanza kabla hujakasirika. Baba yangu ni fundi wa mizani. Ana kibanda Barabara ya Kirinyaga, na siku za kazi huzunguka Machakos akirekebisha mizani za maduka na za sokoni. Kwetu hufika Jumamosi asubuhi na kopo la njugu za kusaga. Tunazipaka kwenye mkate, na baada ya chai ananipa nambari, jinsi baba wengine wanavyoleta peremende. Nilipotimiza miaka kumi alinipa hiyo. Alisema, "Wavinya, hii ni nambari tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, nimeijaribu mwenyewe. Ni elfu mara elfu, uongeze tatu mara tatu. Na sisi humu ndani ni watatu. Nani atatugawa?"

Utaelewa kwa nini naandika kwa hasira nikikuambia na hili. Baba na Mama wanafunga ndoa kanisani mwezi wa Desemba. Walioana kwa mila ya Kikamba kabla sijazaliwa, mbuzi walipelekwa kwa babu, lakini pete Mama ameingoja miaka kumi na saba. Majina yao yatatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo kuanzia tarehe 21, na kila mara mchungaji atauliza kama kuna anayejua kizuizi. Siku ya harusi nitasimama mbele ya wageni na kuieleza nambari yetu. Baba ndiye aliyeniomba. Sina zawadi nyingine ya kuwapa.

Sasa nawezaje kusimama nayo ikiwa mtu mwingine anatembea nayo mjini kwenye kadi? Niambie uliipata wapi. Kama ni mtu wa darasa letu aliyekupa, nitajie jina tu, sitamfanya lolote. Mwalimu Kihara hukutana na Madam Obuya wenu mara kwa mara, nao wamekubali kutubebea barua, kwa kuwa simu shuleni haturuhusiwi.

Wako katika hesabu,
Wavinya Muthama


Uthiru,
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Wavinya,

Sasa? Barua yako nimeisoma mara mbili na kuicheka mara moja. Ati nambari yako! Wee, nambari haina hatimiliki. Ingekuwa ni shilingi milioni moja na tisa ningekuelewa. Wenzangu walitaka kujua ni nani ananiandikia ukurasa mzima, nikawaambia ni askari wa nambari, amekuja kunikamata.

Lakini umesema ukweli wako, basi nami niseme wangu. Sikuiba. Nilipewa na baba yangu mwaka wa 2017, nikiwa na miaka tisa. Mimi niko kidato cha nne, kwa hivyo wewe ni mdogo wangu, na kama kuna mwizi kati yetu, hesabu miaka vizuri. Tena baba yangu naye ni fundi wa mizani. Usishangae sana. Mafundi hao si wengi Nairobi, labda walisoma kwa mwalimu mmoja aliyewapa nambari hiyo na hadithi yake. Nitamwuliza, lakini si leo wala wikendi. Wikendi hayuko. Kila Jumamosi huondoka mapema kwenda Makueni kumtazama nyanya, ambaye ni mgonjwa wa siku nyingi. Mama humsagia nyanya njugu kwa sababu meno yamemwisha. Zinajazwa koponi, Baba anabeba, na sisi tunabaki na harufu.

Nikupe kitu ili usirudi mikono mitupu. Wewe unaijua kwa 1000 na 3. Mimi nina njia nyingine, na hii hakunipa mtu. Nilikaa likizo nzima ya Aprili nikitoa mraba mmoja baada ya mwingine mpaka nikafika hapa: 235 mara 235 ni 55,225. 972 mara 972 ni 944,784. Jumlisha uone. Madam Obuya alipoona alisema, "Everlyn, nenda ufikirie maana yake." Sijafikiria. Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao na kemia inanimaliza.

Haya, askari. Wasalimie maharusi.

Everlyn Were

(Usinitafute kwa jina la baba. Were ni babu mzaa mama. Nilizaliwa kwake Bungoma, cheti kikaandikwa huko Baba akiwa safarini, na hakuna aliyekibadilisha.)


Kabiria,
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Dada Everlyn,

Nimeona nikuite dada kwa kuwa umenizidi umri.

Nimejumlisha. Ni kweli, inatimia milioni moja na tisa kamili. Nilimpelekea Mwalimu Kihara nikidhani atafurahi. Akavua miwani. "Wavinya, nambari tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili. Ukipata njia ya pili, jua inagawanyika. Hapo hakuna kubembelezana." Nikamwambia Baba aliijaribu. Akauliza, "Alifika wapi?"

Hilo sikuwahi kumwuliza Baba. Basi Jumamosi nilimwuliza. Alikuwa anampakia Mama njugu kwenye mkate. Alisema, "Nilijaribu zote mpaka 283, nikachoka, nikaridhika." Mama akacheka, "Wewe kuchoka ni kawaida yako." Tukanywa chai.

Ulipanga kumwuliza baba yako alikoipata. Mwulize na hili: yeye alipoijaribu alifika wapi? Na mengine unijibu wewe mwenyewe, hata ukiyaona ya kijinga. Nyumbani kwenu mko wangapi? Baba yako ana alama yoyote mkononi? Wazazi wako walifunga ndoa wapi?

Niliapa kukuambia kila kitu. Kuna jambo moja nalizuia mpaka unijibu. Sijui kama ni jambo. Natamani sana lisiwe jambo.

Wavinya


Uthiru,
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Wavinya,

Nilimwuliza jana tukila. Alisema, "Mpaka 283." Halafu akaacha tonge mkononi. "Nani ametaka kujua?" Nikasema ni msichana fulani wa Kabiria, ananiandikia mambo ya hesabu. Akainuka kwenda kunawa na hakurudi mezani. Mama akasema, "Mwacheni, amechoka na mizani za watu." Tukala mboga yake.

Maswali yako ni kama ya polisi, lakini haya. Tuko watatu. Alama anayo, kidole gumba cha kushoto, madini ya risasi yaliyoyeyushwa yalimmwagikia akijaza jiwe la mizani lililopungua uzito. Harusi ilikuwa Bungoma, kanisani, Aprili 2007. Picha iko ukutani juu ya televisheni. Baba amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imeishia mbali na viganja. Mama huipangusa kila Jumapili wakati Baba yuko Makueni.

Fundi Muthama, ndivyo wanavyomwita mjini. Sikukutajia kwa sababu hukuuliza.

Ngoja.

Wewe ni Wavinya Muthama. Niliona jina lako tangu barua ya kwanza na nikasema moyoni Muthama ni wengi. Nimeiandika sentensi hii na sasa siwezi kuifuta, nimetumia kalamu ya wino.

Nyanya wa Makueni. Yuko hai?

Everlyn


Kabiria,
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Dada Everlyn,

Susu, yaani nyanya wa Makueni, alifariki Agosti 2021. Nilikuwa pale, nilitupa udongo kwa mkono wangu. Baba alilia mpaka wajomba wakamshika.

Njugu tumezila sisi. Miaka hii yote. Nilidhani zinatoka Machakos. Mama yangu husema hakuna anayejua kusaga njugu kama huyo mama wa Machakos anayemwuzia Baba, na kila kopo likiisha hulisafisha vizuri na kumpa Baba alirudishe, pamoja na asante. Sijui asante hizo alizitupa wapi.

Ile alama naijua. Nikiwa mdogo niliifunika kwa kidole changu kumsaidia isiume.

Jambo nililolizuia ni hilo: nilishuku baba yetu ni mmoja. Sasa sizuii kitu tena. Jana ilikuwa tangazo la kwanza. Mchungaji alisoma, "Muthama Kitavi na Kasiva Musili, wote wa ushirika huu," kisha akauliza kama kuna anayejua sababu ya kuwazuia aseme, au anyamaze. Mama alinifinya mkono kwa furaha. Alikuwa na kitambaa kipya. Nilitazama ubao wa nyimbo, nikaanza kugawa nambari za tenzi kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, mpaka watu wakakaa. Nilinyamaza. Sijui nilinyamaza kwa ajili ya nani.

Nilikuita mwizi. Nambari ilikuwa yako miaka miwili kabla haijafika kwangu. Hata kabla sijazaliwa, picha yenu ilikuwa tayari ukutani. Nisamehe. Nimemwandikia Baba nikamwuliza waziwazi, na barua nimeiacha kwa Kivuva, muuza vipuri jirani yake mjini.

Wavinya


Uthiru,
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Wavinya,

Usiniite dada kwanza. Sijakataa. Nimesema kwanza.

Leo Mama amesaga njugu. Mimi nilimshikia kopo. Alizionja, akaongeza chumvi kidogo, akasema, "Mzee wa watu asije akasema mkamwana wake hajui chumvi." Mkamwana, Wavinya. Wa mtu aliye kaburini. Nilifunga kifuniko cha kopo.

Hujanikosea wewe. Lakini nikiona maandishi yako kwenye bahasha natamani kuirudisha bila kuifungua, na lazima niseme ukweli huo kwa kuwa ulianza wewe kuapa. Kila mtu wa kwetu angekuwa na kiapo kama chako tungekuwa mbali.

Baba nikimwuliza anatoka nje kupiga simu. Akikujibu kwa maandishi, ninakilie neno kwa neno. Mama yangu atahitaji kitu cha kushika mkononi.

Everlyn


Nairobi mjini,
Jumanne, 30 Septemba 2025

Binti yangu mpendwa Wavinya,

Kivuva alinipa barua yako. Nimekaa nayo siku kadhaa. Umeandika vizuri, herufi zako zimenyooka, nami niliona fahari hata katikati ya maumivu uliyonipa.

Mambo ya watu wazima hayagawanywi kama hesabu. Kuna wakati mtu anajikuta mahali bila kupanga. Mama Everlyn nilimjua kwanza, ndiyo. Mama yako nilimpenda baadaye, na sikutaka kumpoteza. Sijamdanganya mtu. Kuna mambo tu sikuyasema. Hakuna nyumba iliyolala njaa, hakuna mtoto aliyefukuzwa shule, na nyote wawili niliwapa nambari ileile ili asiwepo wa kusema alipendwa kidogo. Hilo hulioni?

Mama yako ameingoja siku hii miaka kumi na saba. Leo umnyang'anye miezi miwili kabla? Ataolewa tena na nani? Atatazamaje wenzake wa kikundi cha akina mama? Fikiria hayo. Wewe ndiye uliyelelewa vizuri, nakutegemea. Tangazo limebaki moja. Baada ya harusi nitawakalisha wote na kusema yote, nakuahidi kama baba.

Na ile hotuba yako usiiache. Nambari ni nambari. Wageni hawatajua tofauti.

Baba yako,
Muthama


Kabiria,
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Kwa Baba,

Nimeipokea barua yako na kuinakili kama nilivyoombwa. Nakala iko njiani kwenda Uthiru. Nakuambia mapema kwa sababu sitaki kukuficha kitu. Nimeona jinsi kufichwa kulivyo.

Umesema mambo ya watu wazima hayagawanywi kama hesabu. Basi nikueleze hesabu tu, kama ulivyonizoesha Jumamosi baada ya chai.

Njia yangu ilikuwa 1000 na 3. Njia ya Everlyn ni 235 na 972. Mwalimu Kihara alinionyesha kwamba njia mbili zikiwekwa pamoja, nambari inajifungua yenyewe. Toa 972 kutoka 1000, unapata 28. Toa 3 kutoka 235, unapata 232. Jumlisha 1000 na 972, ni 1,972. Jumlisha 235 na 3, ni 238. Sasa 28 mara 1,972 ni sawa kabisa na 232 mara 238. Kigawo kikubwa cha 28 na 232 ni nne, cha 1,972 na 238 ni 34: nusu zake ni mbili na kumi na saba, na ukigawa kwavyo zinabaki saba na hamsini na nane. Mraba wa mbili na mraba wa kumi na saba ni 293. Mraba wa saba na mraba wa hamsini na nane ni 3,413. Zidisha hizo mbili, Baba. Chukua karatasi ya kufungia misumari hapo kibandani uzidishe. Ni milioni moja na tisa.

Mimi peke yangu nisingeweza kuipasua. Wala Everlyn peke yake. Kila mmoja kwa nusu yake angeendelea kuamini ni tasa mpaka uzeeni. Ilibidi tukutane.

Kuna kitu kingine. Vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, ni moja, 293 na 3,413. Jumla ni 3,707. Nambari ambayo vigawo vyake havifikii ukubwa wake huitwa pungufu. Zipo zinazopungukiwa kidogo tu. Yetu kwa nje ni milioni, na ndani yake ukikusanya vyote hufikishi hata elfu nne.

Madam Obuya amemwambia Mwalimu Kihara kwamba hata mtaalamu mmoja maarufu wa zamani aliwahi kuiweka nambari hiyohiyo katika orodha ya nambari tasa. Baadaye, akiwa mzee, aliandika tena na kusema alikosea, akaonyesha inavyogawanyika. Hakuna aliyemcheka. Hilo limenipa moyo, na ndiyo sababu nakuandikia wewe kabla sijasema na Mama.

Mama hajui bado. Viatu vyeupe vinambana, kwa hivyo anavivaa humu ndani na soksi ili vipanuke. Hutembea kutoka mlangoni hadi kwenye jiko, anageuka, anarudi. Jana aliniuliza, "Natembea kama bibi harusi au kama mtu wa kuumwa mgongo?" Nikamwambia kama bibi harusi. Akanizomea, "Mwongo wewe, umefundishwa na baba yako." Alikuwa anacheka. Mimi nilikwenda kusimama nje karibu na kamba ya nguo.

Unasema nitamnyang'anya siku yake. Nimelifikiria sana hilo, kuliko unavyodhani. Lakini siku hiyo haipo, Baba. Ilitumika Bungoma, Aprili 2007. Huwezi kumpa Mama siku ambayo mama mwingine anaipangusa vumbi kila Jumapili.

Tangazo la tatu ni Jumapili hii, tarehe tano. Ukimwambia Mama mwenyewe kabla ya hapo, nitakaa kimya kanisani na nitakaa karibu naye, na sitakusema vibaya kwa mtu yeyote maisha yangu yote. Usipomwambia, mchungaji akiuliza nitasimama. Nimefanya mazoezi ya kusimama. Everlyn ameniandikia mstari mmoja tu: atakuja, atakaa nyuma, na amekubali nimwite dada.

Hotuba yangu nimeichana. Kadi ya 1,000,009 bado ninayo, sikuweza.

Neno moja nalihitaji kutoka kwako, na ninalitaka kwa mkono wa Kivuva kabla ya Jumamosi jioni. Nimepanga nambari tasa zote kwa mfuatano kama ulivyonifundisha. Baada ya 283, inayofuata mara moja ni 293. Hakuna nyingine katikati. Ilibaki hatua moja tu, nawe ukaweka kalamu chini. Kama ulichoka kweli, mtu huchoka, na mtu aliyechoka anaweza kurudi akamalizia hesabu yake, nami nitakungoja. Kwa hivyo niambie ukweli, mimi binti yako: ulipofika 283, Baba, ulichoka, au uliiona 293 ikija?

Wavinya